Waipa za Lori Zinapogoma

Mvua za Ufipa hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Waipa zikisimama lori literemkapo kutoka Sumbawanga kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, dereva hana budi kuegesha kwanza.

Katika baadhi ya malori ya zamani, waipa huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa ileile inayolisha breki. Kwa hiyo fundi huanza na geji ya hewa. Shinikizo likiwa dogo, breki nazo zimo hatarini, na safari isiendelee. Likitosha, hutega sikio: hewa ivujayo huonyesha bomba lililopasuka. Pasipo mvujo, ekseli ya mota ikicheza na mkono usicheze, nati imelegea. Ekseli ikikwama, mota ifunguliwe.