Fahamu: L-DOPA ni nini na hutengenezwaje?

L-DOPA ni asidi amino na dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson. Ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini, kemikali inayopungua kwa wagonjwa hao. Hupatikana pia kwenye mbegu za upupu.

Ugumu uko wapi?

Molekuli yake ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Umbo la L hutibu. La D halitibu na linaweza kudhuru. Njia za kawaida za maabara huzalisha yote mawili nusu kwa nusu, na kuyatenganisha ni gharama.

Ufumbuzi ulikuwa upi?

William Knowles na wenzake katika kampuni ya Monsanto, Marekani, walitumia kichocheo chenye madini ya rodi. Kichocheo hicho huelekeza haidrojeni iingie upande mmoja wa molekuli ya malighafi, hivyo umbo la L hufikia takribani asilimia 97.5. Viwanda vilianza kuitumia njia hiyo miaka ya 1970.

Kwa nini ni muhimu?

Kichocheo kidogo huzalisha dawa nyingi. Mwaka 2001, Knowles, Ryoji Noyori na Barry Sharpless walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wa vichocheo vinavyozalisha zaidi umbo moja la molekuli.