Mililita Tisa Kabla ya Kibwezi

Kwenye benchi la gereji moja mjini Kitui, kati ya spana na mkebe wa grisi, kuna bomba la sindano la duka la dawa. Hapa halimdungi mtu. Linapima nafasi inayobaki juu ya pistoni, pale hewa na petroli hubanwa kabla ya plagi kutoa cheche.

Fundi amepindua silinda hedi ya Subaru, vali zimefungwa, plagi imekazwa. Anapaka grisi ukingoni mwa chemba, anagandamiza kipande cha kioo chenye tundu, kisha anadunga mafuta ya taa polepole. Kiputo cha hewa kikikwama chini ya kioo, anaiinamisha hedi mpaka kitoke. Anasoma, anaandika ukutani kwa chaki, anahamia chemba ya pili. Zikipishana kwa mililita moja anarudia zote, maana silinda inayobana kuliko wenzake ndiyo hutangulia kufa. Baadaye hujumlisha bonde la pistoni na unene wa gasketi ikishakazwa.

Silinda ya injini ya EJ20 ya Subaru ina kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75: takriban mililita 499. Ukitaka kompresheni ya nane kwa moja, bakisha 71. Ukitaka tisa, 62. Vijiko viwili vya chai havijai, na vijana wanabishana juu ya tofauti hiyo hadi usiku.

"Hii gari utaendesha wapi?" Ndilo swali la kwanza la fundi. Mteja anataja nguvu za farasi. Fundi anataka kujua barabara.

Ana sababu. Gari la turbo hupangiwa programu Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwenye hewa nyepesi, likatulia. Mwenyewe anashuka Mombasa Road, Emali, Makindu, mpaka Kibwezi, karibu mita 900, jua la saa nane. Kwa turbo inayotawaliwa na springi tu, geji inasoma busti ileile. Lakini geji huanza kuhesabu kwenye presha ya nje, na hiyo imepanda kwa karibu asilimia kumi. Joto likiongezeka, mchanganyiko unajiwasha kabla mwali wa plagi haujaufikia. Pistoni zinameguka kwenye mifereji ya ringi, na gari linamfikia fundi likivutwa.

Halafu mafuta. Subaru STI yenye injini ya EJ207, iliyotoka kiwandani na nane kwa moja, ilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100. Huku unajaza ulichopata. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kuwazuia wachakachuaji wanaoyachanganya na mafuta mengine, nayo yakiingia kwenye petroli hushusha okteni. Nani amepima petroli ya Mutomo au Ikutha?

Kwa hiyo wanaotaka kufunga turbo kwenye injini isiyokuwa nayo, yenye kompresheni ya kama kumi, anawashusha hadi nane na nusu kwa pistoni zenye bonde. Kuweka gasketi mbili juu kwa juu, njia rahisi ya mkato, hataki: pistoni inakaa mbali na hedi, na msukosuko unaosaidia uchomaji unapotea. Wengine huondoka wakinuna. Wanaobaki hulalamika kwamba gari ni zito kilimani kabla turbo haijaamka. Anakubali, bila kuomba radhi. Ukaidi huo naupenda.

Kinachomsumbua ni Forester za turbo zenye injini ya FA20. Kiwanda kilizipa 10.6 kwa moja, na turbo juu yake. Anajua petroli hupulizwa ndani ya silinda yenyewe na kuipoza hewa, na kwamba kompyuta hurudisha nyuma cheche ikisikia injini ikigonga. Hajafungua hata moja.

"Okteni ikiwa mbaya, itarudisha nyuma hadi wapi?" aliniuliza, kana kwamba gazeti lina jibu.