Simu Kutoka Mbali: Tuongee Vipi na Jamaa Walio Kwenye Vita na Ugonjwa?

   Leo hatutazungumza juu ya lishe wala kliniki ya wajawazito. Leo tutazungumza juu ya simu.

Huenda ukauliza, simu na afya vinahusiana wapi? Vinahusiana sana. Hapa Njukini tuko mpakani. Ukivuka upande wa pili umeshaingia Rombo, Tanzania. Na ile barabara inayotoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta na Holili hubeba malori ya kila namna. Wengi wetu tuna mume, mtoto, shemeji au mkwe aliye safarini. Mmoja ni dereva, mwingine utingo, mwingine anafanya biashara. Kuna wanaofika Kampala, Kigali, Bujumbura, hata Goma kule Kongo. Vita vikizuka huko, au ugonjwa ukiingia, mara nyingi daktari si wa kwanza kutuambia. Tunasikia kwa simu ya jioni, wakati sufuria iko motoni na watoto wametuzunguka.

Basi swali letu la leo ni hili: je, tunaongea na jamaa zetu kwa namna itakayowawezesha kutuambia ukweli?

Ugonjwa ulifika mlangoni petu

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox katika Kenya. Hakupatikana Nairobi wala Mombasa. Alipatikana hapa kwetu, katika kituo cha mpakani cha Taveta. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kupitia Kenya.

Mpox ni ule ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Aina mpya ya kirusi chake ilianza kuenea mwaka 2023 huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, mashariki ya Kongo. Kutoka huko ilifuata watu na barabara hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa. Dharura hiyo iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Lakini mama, elewa vizuri: kuondoa dharura si kusema ugonjwa umekwisha.

Vita huufungulia ugonjwa mlango

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma na kuuteka mji. Kabla ya hapo, pembezoni mwa mji huo kulikuwa na kambi zilizojaa maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia vita. Wagonjwa wa mpox walikuwa wametengwa katika vituo vya matibabu. Mapigano yalipofika, zaidi ya wagonjwa 100 walitoka katika vituo hivyo wakakimbia.

Tusiwalaumu. Mtu akisikia mabomu hasubiri vidonda vikauke. Lakini tazama kilichofuata. Wagonjwa walitawanyika miongoni mwa watu. Wauguzi hawakuweza tena kuwafuata wale waliokaa karibu nao. Dawa, maji safi na sabuni vilikuwa shida kupatikana. Ndiyo maana tunasema vita na maradhi ni mapacha.

Na pale ambapo daftari la zahanati limepotea, habari za mtu wako utazipata kwake mwenyewe. Kama atakwambia.

Kwa nini jamaa huficha?

Mtu huficha kwa sababu ya woga na aibu. Anaogopa kufukuzwa nyumbani. Anaogopa mke atasikia mengine. Anaogopa kijiji kizima kitamnyooshea kidole. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walitazamwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Waliokumbuka hayo, je, watasema upesi?

Sikiliza simu hii:

Mama: Wee, nasikia huko mnaoza ngozi! Usije ukatuletea hayo magonjwa hapa!
Kijana: Aka, mama, mimi sina kitu. Mzima kabisa.

Mazungumzo yamekwisha. Mama hajajua lolote, na kijana ameshafunzwa kunyamaza. Sasa sikiliza hii nyingine:

Kijana: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Umeshindaje? Umekula?
Kijana: Nimekula, mama. Ila tumekwama hapa siku tatu. Barabara imefungwa.
Mama: Pole, baba. Mnalala wangapi pamoja? Wote ni wazima?
Kijana: Mwenzangu ana homa na vipele. Anasema ni joto tu.
Mama: Mmelala pamoja mpaka lini?
Kijana: Mpaka jana.
Mama: Umefanya vizuri kuniambia. Hapa ni kwenu, utakuja. Lakini mwambie mwenzako aende akapimwe, nawe ukifika Taveta pitia hospitalini kwanza. Nitamweleza mhudumu wetu wa afya, tutakupokea vizuri.

Umeona tofauti? Mama wa pili hakulegea. Ameuliza yote anayohitaji kujua ili awalinde wajukuu walio nyumbani. Lakini ameanza na utu, na amesema neno moja lililo dawa: hapa ni kwenu.

Mambo ya kuuliza

Jamaa akikupigia kutoka mahali penye ugonjwa, uliza taratibu:

1. Wewe mwenyewe u mzima? Una homa, maumivu ya kichwa, ya mgongo, au tezi zilizovimba?
2. Una vipele au vidonda popote, hata sehemu za siri?
3. Umekaa karibu na mgonjwa, umelala naye, au mmetumia shuka, taulo au nguo pamoja? Mara ya mwisho ilikuwa lini?
4. Kuna mahali pa kupimwa hapo ulipo?
5. Unatarajia kufika nyumbani lini?

Andika tarehe kwenye kalenda. Tarehe ni muhimu, kwa sababu dalili za mpox zinaweza kuchukua hadi siku 21 kutokea baada ya mtu kuambukizwa.

Akiwa katikati ya vita

Hapa kuna adabu nyingine. Usimuulize askari wako wapi, wala nani anashinda, wala yeye anaunga mkono upande gani. Huenda kuna mtu anayemsikiliza, na jibu lake likamtia hatarini. Usimwombe picha za maiti. Usimalize chaji yake kwa maswali ya watu kumi.

Muulize kama ana maji, chakula, dawa zake na mahali pa kulala. Kama anatumia dawa za kila siku, kama za kifua kikuu, presha, sukari au virusi vya ukimwi, muulize zimebaki za siku ngapi. Kubalianeni saa moja ya kupigiana. Kubalianeni pia neno moja fupi la ujumbe, kama vile "mzima", litakalotosha mtandao ukiwa mbaya. Chukua na namba ya mtu wa pili aliye karibu naye.

Akinyamaza, usianze matanga. Huko mtandao hukatika na umeme hupotea. Siku zikizidi kupita bila habari, nenda kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Wana kazi ya kuwatafuta jamaa waliopotezana kwa sababu ya vita au maafa, nao hushirikiana na wenzao wa nchi nyingine.

Sumu ya uvumi

Simu huleta habari, na huleta uvumi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliingia Kivu Kaskazini na Ituri, katika eneo hilohilo la vita. Watu waliochoshwa na miaka mingi ya mauaji hawakumwamini mtu yeyote. Wengine walisema Ebola ni biashara ya wakubwa. Wengine walisema vituo vya matibabu ndivyo vinavyoua. Mwezi Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kabla ugonjwa ule haujazimwa, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Hasira za wale watu zilikuwa na sababu. Lakini kila aliyemficha mgonjwa wake nyumbani kwa kuogopa kituo, aliweza kuwaambukiza wengine bila kujua. Na maneno yale yalipita kwa simu, kutoka kwa ndugu hadi kwa ndugu.

Kwa hiyo ukiletewa sauti ya WhatsApp inayosema chanjo inaua, au maji ya chumvi yanaponya mpox, jiulize: Nani ameona kwa macho yake? Lini? Wapi? Kama jibu ni "nimetumiwa tu", isiishie kwa jirani. Ishie kwako. Na wewe uliye nyumbani usimtumie aliye vitani dawa ya kubahatisha. Yeye anakuamini, na anaweza kuifuata akaacha hospitali.

Anaporudi nyumbani

Mtu aliyekaa karibu na mgonjwa wa mpox, lakini hana dalili, si wa kufukuzwa. Ajiangalie kwa siku 21 tangu siku ya mwisho alipokuwa na mgonjwa. Awe na shuka na taulo lake. Asilale na mtoto kitanda kimoja. Mume na mke wajizuie kukutana kimwili mpaka siku hizo ziishe. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au piga 719, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo.

Akipata homa au vipele, msihukumu kwa macho. Vipele vya mpox vinaweza kufanana na tetekuwanga, surua au upele wa kawaida. Kipimo cha maabara ndicho kinachosema kweli. Afunike vipele, avae barakoa, na aende hospitali. Asijibanze kwenye matatu iliyojaa. Piga simu kwanza uelekezwe.

Wengi hupona kwa wiki mbili hadi nne. Mgonjwa huendelea kuambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee. Akiuguzwa nyumbani kwa ushauri wa daktari, awe chumba chake ikiwezekana. Mwuguzaji awe mmoja, na asiwe mama mjamzito. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto na sabuni. Usipasue vipele. Usipake jivu wala kinyesi cha ng'ombe. Nawa mikono kila mara.

Watoto wadogo, wajawazito na wenye kinga dhaifu wanaweza kuugua vibaya. Mjamzito anaweza hata kupoteza mimba. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akipumua kwa shida, akilegea, akipata degedege au kidonda cha jicho, usingoje asubuhi. Mama anayenyonyesha akiugua, asimwachishe mtoto kwa kuamua mwenyewe. Muuguzi atamwongoza.

Watoto wanasikia

Jambo la mwisho. Simu ikiwa kwenye spika, mtoto anasikia kila kitu. Anasikia mabomu, anasikia baba analia. Usiku anakojoa kitandani, nawe unamchapa. Kama habari ni nzito, sogea kando. Kisha mwambie mtoto ukweli unaolingana na umri wake: "Baba yuko mahali penye vita. Leo ameongea nasi, ni mzima. Kesho atapiga tena." Usimwahidi usichokijua. Na mruhusu aseme neno lake kwenye simu. Kwa yule aliye mbali, sauti ya mtoto inaweza kumpa nguvu za kulala usiku huo.

Tukumbuke

- Anza na utu, kisha uliza maswali.
- Andika tarehe, na uhesabu siku 21.
- Aliye vitani usimuulize mambo ya askari.
- Uvumi uishie kwako.
- Mwenye dalili apimwe, asifukuzwe.

Mama mpenzi, hatuwezi kusimamisha vita vya Kongo tukiwa hapa Njukini. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba mtu wetu akiona kipele mkononi, wa kwanza kumwambia ni sisi. Leo jioni, simu ikilia, ipokee kwa upole, na uwe na kalamu karibu.

Mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema. Tukutane tena katika kipindi kijacho.