Alama ya Herufi 64: SHA-256 katika Lugha ya C

Je, wajua kwamba barua ya mistari miwili, kamusi nzima na filamu ya saa tatu, vyote vyaweza kupitishwa katika hesabu moja, na kila kimoja kikapewa alama yenye urefu ule ule wa herufi na tarakimu 64, isiyozidi wala kupungua? Hesabu hiyo yaitwa SHA-256, nayo ndiyo mashuhuri kuliko ndugu zake wote katika ukoo wa hesabu ambazo mafundi wa kompyuta huziita hashi. Ilitungwa na shirika la usalama wa taifa la Marekani, NSA, ikatangazwa kuwa kanuni rasmi na taasisi ya viwango ya nchi hiyo, NIST, mwaka 2002, na tangu hapo imeenea hata ni vigumu kuipata simu iingiayo intaneti, iwe Tanga, Mombasa au Maskati, isiyoihesabu mara nyingi kwa siku bila ya mwenye simu kuhisi. Cheti cha tovuti yenye alama ya kufuli aghalabu kimetiwa sahihi juu ya alama ya SHA-256. Programu mpya ikipakuliwa hupimwa kwayo ijulikane kama imefika salama au imechezewa njiani. Na fedha ya Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, imejengwa juu yake.

Sifa zake ni za ajabu. Herufi tatu abc hutoa alama inayoanza na ba7816bf, na hata andiko tupu, lisilo na herufi yoyote, lina alama yake, inayoanza na e3b0c442. Badili herufi moja tu katika kitabu cha kurasa elfu, na takriban nusu ya biti 256 za alama zitageuka, wala hutaona udugu wowote kati ya alama ya kwanza na ya pili. Kutoka katika alama kurudi kwenye andiko hakuna njia ijulikanayo ila kubahatisha, na mpaka leo hakuna aliyeonyesha maandiko mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-256. Juu ya sifa hizo yameandikwa mengi. Lisemwalo kwa nadra ni habari za hesabu hii inapotoka katika karatasi ya wataalamu na kuandikwa, mstari kwa mstari, kwa lugha ya C, ile lugha iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, inayomweka mwandishi wa programu karibu sana na mashine, kiasi cha kumkabidhi uwezo wote pamoja na hatari zote. Na mimi naona kwamba hapo ndipo penye kustahili hadhari kuu, maana hesabu yenyewe imestahimili mashambulio ya mabingwa kwa zaidi ya miaka ishirini, ilhali mikono inayoiandika imeteleza mara nyingi, tena mikono ya watu mahiri.

Mtu akiitazama SHA-256 kwa mara ya kwanza hustaajabia uchache wa vifaa vyake. Andiko hukatwa vipande vya baiti 64. Kila kipande huwa maneno 16 ya biti 32. Na maneno hayo 16 hunyumbuliwa, kwa kuzungushwa, kusogezwa na kujumlishwa, yakawa 64. Pembeni yake yapo maneno manane yanayobeba hali ya hesabu, nayo hupitishwa katika duru 64, na katika kila duru neno moja jipya la andiko huingizwa, maneno mawili kati ya manane huhesabiwa upya, na sita yaliyosalia husogea nafasi moja, kama miyaa ya ukili mkononi mwa msusi, ambamo kila mwaa hupita juu na chini ya wenzake mpaka isijulikane ulianzia wapi. Ndani ya duru hakuna hata kuzidisha wala kugawanya. Kuna kazi moja ambayo neno la kwanza huchagua, biti kwa biti, kati ya maneno mengine mawili. Kuna nyingine ambayo maneno matatu hupiga kura na wingi ukashinda. Kuna kuzungusha, ambako biti zinazotoka kwa upande wa kulia huingia tena kwa kushoto. Na kuna kujumlisha. Ni hayo tu.

Aidha hutumika namba thabiti 64, moja kwa kila duru, na nyingine nane za kuanzia. Namba hizi zina asili inayopendeza. Zile nane ni biti 32 za kwanza za sehemu ya desimali ya kipeuo cha pili cha namba tasa nane za kwanza, kuanzia 2 hadi 19. Na zile 64 ni biti 32 za kwanza za sehemu ya desimali ya kipeuo cha tatu cha namba tasa 64 za kwanza, kuanzia 2 hadi 311. Madhumuni yake ni kuondoa shaka: lau mtungaji angalizitoa kichwani mwake, watu wangaliuliza kama hakuficha mlango wa siri ndani yake, lakini maadamu zimetoka katika vipeuo vya namba zijulikanazo na kila mwanafunzi, yeyote mwenye kompyuta aweza kuzihesabu mwenyewe na kuridhika.

Jinsi hatua ndogo inavyoweza kuwa na uzito mkubwa katika kazi hii, hapana ithibati bora kuliko historia ya ukoo wenyewe. Mwaka 1993 NIST ilitangaza hesabu ya kwanza ya jamaa hii, inayoitwa leo SHA-0, kisha ikaiondoa upesi, na mwaka 1995 ikaleta SHA-1. Tofauti ya hizo mbili ni kuzungusha neno kwa biti moja tu wakati wa kunyumbua kipande. Biti moja! Walakini SHA-0 ilivunjwa mwaka 2004, na SHA-1 ikasimama mpaka Februari 2017, watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na wa Google walipotoa majalada mawili ya PDF yaliyo tofauti na yenye alama moja, baada ya hesabu zipatazo namba 2 iliyojizidisha mara 63.

Sasa tuingie katika C. Kujumlisha kwa SHA-256 kunataka kwamba hesabu ikizidi biti 32, ziada itupwe. C inaahidi hivyo hasa kwa namba zisizo na alama ya hasi, na kwa hiyo hesabu hukaa vizuri ndani yake. Lakini mwandishi akichukua namba za kawaida, zenye hasi na chanya, ahadi hiyo huvunjika, kwa kuwa kanuni za C zinasema kufurika kwa namba za namna hiyo hakuna maana iliyowekwa, na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine, ina ruhusa ya kutenda itakavyo. Kuzungusha nako hakuna ishara yake maalumu katika lugha hiyo. Mwandishi husogeza neno kulia, akalisogeza kushoto, akaunganisha, na kompaila nzuri hutambua kusudio na kutoa amri moja tu ya mashine.

Mtego unaotugusa zaidi sisi wa pwani ni wa baiti yenyewe. Katika mashine nyingi, aina ya C iitwayo char huchukuliwa kuwa namba yenye hasi na chanya, na hivyo baiti yoyote inayopita 127 huonekana kuwa hasi, na ikipanuliwa kuwa neno la biti 32 hujazwa moja, moja, moja kwa upande wote wa kushoto, ikafuta baiti zilizotangulia kuwekwa hapo. Andiko la Kiswahili kwa herufi za Kirumi halitaidhihirisha ghalati hii, kwa kuwa herufi zake zote zina namba ndogo. Bali utenzi ulioingizwa katika kompyuta kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika mpango wa UTF-8 kila moja ni baiti mbili na zote mbili zimepita 127, utatoa alama ya uongo tangu neno la kwanza. Wala haya si makisio. Mwaka 2011 iligunduliwa kasoro ya namna hii hii katika crypt_blowfish, programu ya kuhifadhi nywila kwa hesabu ya bcrypt iliyokuwa ikitumiwa pia na lugha ya PHP: nywila yenye herufi zisizo za Kirumi za kawaida iliweza kupoteza nguvu, kwa kuwa herufi moja ya namna hiyo ilizifuta hadi tatu zilizoitangulia. Anayejaribu kwa abc peke yake hataliona jambo hilo hata akijaribu mwaka mzima.

Kuna na mpangilio wa baiti. SHA-256 huandika neno kwa kuanza na baiti ya thamani kubwa, hali kompyuta nyingi za leo, pamoja na simu, huanza na ya thamani ndogo. Hesabu ya zamani ya MD5, iliyotungwa na Ron Rivest mwaka 1991, huanza na ndogo, na kwa hiyo anayetoka katika hiyo akaja katika hii hupotea kwa urahisi. Hitilafu hii ya kubwa na ndogo Danny Cohen aliiandikia makala mwaka 1980, akiwaita wafuasi wa pande hizo mbili kwa majina ya wale waliopigana juu ya ncha ya yai la kupasuliwa katika kisa cha Gulliver cha Jonathan Swift. Dawa yake ni nyepesi: neno lijengwe baiti kwa baiti kwa kusogeza, na programu itakuwa sahihi katika kila mashine.

Penye kuchosha zaidi ni mwisho wa andiko. Kanuni yasema baada ya baiti ya mwisho iongezwe biti ya moja, kisha sifuri, kisha urefu wa andiko kwa biti 64, mpaka kipande kijae kamili. Andiko la baiti 55 hutosha katika kipande kimoja: 55, na baiti moja inayoanza na ile biti ya moja, na nane za urefu, ni 64. La baiti 56 halitoshi, na linahitaji kipande cha pili kizima. Mwandishi asiyeiona tofauti hiyo ya baiti moja ataandika programu inayofaulu kwa maandiko mengi na kushindwa kwa machache, na huo ndio ubaya wa ghalati za hashi, kwamba alama ya uongo haina sura tofauti na alama ya kweli. NIST walilijua hilo, maana katika mifano waliyoitoa ya kuijaribia SHA-256, wa pili una herufi 56 barabara.

Mifano hiyo, hata hivyo, haitoshi. Mwaka 2018 Nicky Mouha na wenzake walizipima upya programu za mfano zilizoletwa katika mashindano ya NIST ya kutafuta SHA-3, yaliyotangazwa mwaka 2007. Katika programu 86 walikuta kasoro katika 41. Hizi hazikuwa kazi za wanagenzi. Ziliandikwa na timu za waliotunga hesabu hizo wenyewe, zikasomwa na wapinzani wao waliokuwa na hamu ya kuwaona wakikosea. Katika programu zote zilizoletwa kwa ajili ya BLAKE, mojawapo ya hesabu tano zilizofika fainali, ilikuwamo kasoro iliyokaa miaka saba bila kuonekana, nayo ilimwezesha mtu kubadili andiko na alama isibadilike, yaani kuivunja hashi bila kuigusa hesabu yake.

Hata mshindi hakusalimika. Keccak, iliyochaguliwa Oktoba 2012 na kuwa SHA-3, ilikuwa na programu rasmi ya C ambamo Oktoba 2022 Mouha alitangaza kasoro iliyokuwamo tangu mwaka 2011. Andiko likiletwa kwa mafungu, programu hujumlisha baiti zilizosalia za fungu lililopita na urefu wa fungu jipya. Jumla hiyo ilifanywa kwa biti 32, na fungu jipya likikaribia baiti 4,294,967,296, ilifurika na kurudi kuwa ndogo, na programu ikaandika nje ya mahali pake katika kumbukumbu. Lugha za Python na PHP zilikuwa zimeichukua programu hiyo kama ilivyo, na zikarithi kasoro yake. Miaka kumi na zaidi ilipita, na macho ya dunia yalikuwa juu yake.

Njia iliyobaki ni burhani. Andrew Appel wa Chuo Kikuu cha Princeton alionyesha mwaka 2015 kwamba programu ya SHA-256 iliyoandikwa kwa C katika maktaba ya OpenSSL yaweza kuthibitishwa, hatua kwa hatua na kwa kukaguliwa na mashine, kuwa inalingana na kanuni ya NIST kwa andiko lolote la urefu wowote unaoruhusiwa. Mradi wa HACL*, wa watafiti wa taasisi ya Inria ya Ufaransa na wa Microsoft Research, huandika hesabu katika lugha ya ithibati, na C hutolewa humo ikiwa imekwisha kuthibitishwa. Python toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023, liliacha programu ya SHA-3 ya toleo lililotangulia likachukua ya HACL*.

Basi kijana anayejifunza C, na aiandike SHA-256 kwa mkono wake, kwa sababu hapana zoezi litakalomfundisha biti na baiti kwa ukamilifu kama hilo. Aijaribu kwa andiko tupu, kwa baiti 55, 56, 63 na 64, kwa herufi za Kiarabu, kwa andiko moja lililoletwa zima na likaletwa tena kwa mafungu. Akipata kazi ya kulinda nywila au fedha za watu, aiweke ya kwake kando, achukue maktaba iliyothibitishwa, na kila toleo jipya likitoka aisasishe bila kuchelewa.