Vitabu vya Dini kwa Wasioona: Mchapishaji Anadaiwa Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Mwalimu mmoja wa madrasa Chato, mkoani Geita, ameuliza: ana mwanafunzi asiyeona na mwengine mwenye ualbino ambaye uoni wake ni hafifu. Simu zao zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Je, inafaa kuskani kitabu cha fiqhi na kuwapa bila ya idhini ya mchapishaji?

Ndugu yangu mwalimu, tuanze na asili ya jambo. Haki ya mwandishi ni mali. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa haki za utunzi zinalindwa kisharia na haifai kuzivamia. Na mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa yake.

Lakini haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Marrakesh, ulioanza kufanya kazi mwaka 2016, na Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Mkataba huo unataka sheria za nchi ziruhusu kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au faili linalosomeka, kwa ajili ya asiyeona, mwenye uoni hafifu, au asiyeweza kushika kitabu, bila ya kuomba idhini. Taasisi husika hufanya hivyo bila ya faida. Asiyeona mwenyewe, au anayemsaidia, anaweza kujitengenezea nakala kutokana na kitabu alichokipata kihalali.

Kwa hiyo, nunua kitabu, kisha wageuzie wanafunzi wako hao wawili. Usikitume kwenye kundi la WhatsApp. Hapo utakuwa umetoka kwenye ruhusa na umeingia kwenye dhulma.

Sasa neno kwa wachapishaji. Mkataba haukulazimishi kutoa faili lako. Hiyo ni ihsani. Lakini angalia tofauti yake. Ukurasa uliopigwa picha, kwa programu ya kusoma skrini, ni picha tu, haina neno hata moja. Mwalimu lazima autambulishe upya herufi kwa herufi, na makosa huingia. Wewe unalo faili la asili, lenye sura na vichwa vya habari. Ukilitoa kwa muundo wa EPUB, msomaji wa Chato ataruka moja kwa moja kwenye mlango wa twahara kama anavyofunua kurasa mwenye macho.

Zingatia pia Kiarabu. Sauti ya Kiswahili ya simu haiwezi kuisoma aya ipasavyo. Maandishi ya Kiarabu yawekewe alama ya lugha yake, na Qur'ani isikilizwe kwa msomaji mwenye tajwidi au isomwe kwa nukta nundu.

Wengine wanaogopa kuibiwa. Hofu hiyo ina msingi, na ina tiba. Maktaba ya Bookshare ya Marekani, iliyoanza mwaka 2002 na sasa ina vitabu zaidi ya milioni 1, vingi vikiwa vimetolewa na wachapishaji wenyewe, humtaka mwanachama athibitishe ulemavu wake, na kila nakala hutiwa alama ya aliyeichukua. Weka masharti kama hayo kwa maandishi, kisha toa.

Tumkumbuke Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.). Surat Abasa iliteremka kwa sababu yake, naye alikuwa muadhini wa Mtume (S.A.W.) pamoja na Bilal. Alipoomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kutoona, aliulizwa kama anausikia wito. Alipokubali, akatakiwa auitikie. Basi kama ibada hazikumuondokea asiyeona, vipi tumuondolee njia ya kuzijua? Kule Kanda ya Ziwa, ambako wenye ualbino wamewahi kuwindwa kama wanyama, kumpa mtoto huyo kitabu chake ni kumrudishia hadhi yake kama mwanafunzi.

Elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo matatu ambayo malipo yake hayakatiki kwa mauti. Faili lililolala kwenye kompyuta yako halimnufaishi mtu.

Wallahu a'lam.