Kampuni hufa, karatasi hubaki

Mwaka 2010 kampuni ya BioShape ilifilisika huko Uholanzi. Kwa wakopeshaji wa Ulaya hiyo ilikuwa habari ya ufilisi na madeni. Kwa wakazi wa Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, wilayani Kilwa, ilikuwa habari ya ardhi. Zaidi ya hekta 34,000 zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya mbono kaburi, zao ambalo miaka ile lilisifiwa kila kona kuwa mafuta yake yangeendesha mitambo ya Ulaya. Zilizopandwa zilikuwa hekta mia chache tu. Mashine zikazimwa, vibarua wakarudi makwao.

Mtu wa kawaida angetarajia kwamba mwekezaji akishindwa, ardhi inarudi kwa wenyewe. Sheria haiendi hivyo. Iliyofilisika ni kampuni mama, ilhali shughuli za Kilwa zilikuwa chini ya kampuni tanzu iliyosajiliwa Tanzania. Mbele ya sheria hao ni watu wawili tofauti, hata kama fedha zilitoka mfuko mmoja. Kisha kuna suala la ardhi yenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji ikishahamishwa na kuwa ardhi ya jumla haiko tena mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Ili irudi, lazima milki ifutwe kwanza, na mamlaka hayo anayo Rais.

Fidia nayo iliacha manung'uniko. Watafiti waliofuatilia jambo hilo waliandika kwamba asilimia 60 ya malipo ilichukuliwa na halmashauri ya wilaya, na vijiji vinne vikagawana asilimia 40 iliyobaki.

Hapa hapakukosekana karatasi. Mihuri ilikuwapo, mihtasari ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema: ni kampuni ipi hasa inayosaini, nani yuko nyuma yake, na mambo yakiharibika nini kitafuata?

Njia ya mpingo

Wilaya hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi la MCDI, lenye makao yake Kilwa Masoko, lilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa niaba ya vijiji vinavyomiliki misitu yao. Kikole na Kisangi vilitangulia. Kilikuwa cheti cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Nainokwe, iliyokuwa kwenye orodha ya mbono, baadaye nayo ikajiunga.

Vijiji hivyo havikuanza na mnunuzi. Vilianza na mipaka, ramani, mpango wa usimamizi na sheria ndogo, vyote vikapitishwa katika mkutano mkuu, kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyotaka. Mti ukikatwa, hupimwa na kuandikwa. Kisiki hupewa namba, gogo hupewa namba, kisha hugongwa nyundo ya alama na kuombewa hati ya kusafirishia. Mtengenezaji wa klarineti Ulaya, anayehitaji mpingo wenye asili inayojulikana, anaweza kufuatilia kipande chake hadi kwenye kisiki. Sehemu kubwa ya fedha za mauzo hubaki kijijini na kwenda kwenye mahitaji kama maji na madarasa.

Kazi hiyo ni ya kuchosha, na Kamati ya Maliasili ya Kijiji hailipwi mshahara wa ofisini. Lakini kwa sababu daftari lipo, kijiji kinaweza kumwambia mnunuzi bei yake na mnunuzi akaikubali.

Biashara ikianza kunenepa

Masomo hayo yanamhusu pia mfanyabiashara wa pwani ambaye hana hata ekari moja. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Bandari ya namna hiyo huvuta majokofu, magari, mikopo ya benki na wanunuzi wakubwa. Wote hao huanza kwa kuomba nyaraka.

Tuseme mama mmoja ananunua pweza Songosongo na kuwapeleka Dar es Salaam. Kwa miaka kadhaa amefanya kazi kwa jina la biashara, na halina ubaya wowote. Ila jina la biashara si mtu. Deni likimshinda, nyumba yake iko hatarini. Akifariki, leseni na akaunti vinaingia kwenye mirathi na biashara inasimama. Ndiyo maana wengi, mzigo ukiongezeka, husajili kampuni kupitia mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Cheti kikitoka, watu husherehekea na kukiweka ukutani. Hapo ndipo uzembe unapoanza. Kampuni inatakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Kampuni hata kama mwaka mzima haikuuza kitu. Inatakiwa kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya hisa, sharti lililoingizwa mwaka 2020. TRA inasubiri ritani na hesabu. Tangu 2023 mauzo yakifika Sh200 milioni kwa mwaka, VAT inabisha hodi. Wafanyakazi wakifika kumi, kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Na hata mfanyakazi akiwa mmoja, michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi inamhusu. Msajili ana mamlaka ya kuifuta kampuni iliyolala, na aghalabu mwenyewe hugundua siku benki inapokataa mkopo.

Shemeji kwenye fomu

Tatizo linalovunja kampuni nyingi za kifamilia, hata hivyo, halitoki serikalini. Siku ya kusajili, anatafutwa mwanahisa wa pili. Anaitwa shemeji, anapewa hisa 50 kati ya 100 "ili fomu itimie", anasaini na kurudi zake nyumbani. Hakutoa senti wala hakuomba chochote. Miaka sita baadaye kampuni ina magari mawili na chumba cha baridi, undugu umeingia doa, na shemeji anakumbuka kwamba nusu ni yake. Mbele ya mahakama, atakayeanza kueleweka ni mwenye hisa zilizoandikwa.

Dawa yake ni nyepesi ikinywewa mapema. Gawanya hisa kwa kadiri ya mtaji na kazi ya kila mmoja. Wanahisa waandikiane mkataba: nani anaamua nini, faida inagawanywaje, na anayetaka kutoka anauza kwa nani. Mkurugenzi akijiuzulu, Msajili ajulishwe. Akaunti ya kampuni isilipe ada za shule za watoto.

Na kabla ya kusaini na kampuni kubwa kutoka mjini au ng'ambo, fanya upekuzi BRELA. Kwa ada, jalada la kampuni yoyote iliyosajiliwa linafunguliwa: wakurugenzi, wanahisa, na kama taarifa zake zimewasilishwa. Mwekezaji wa kweli hatakasirika kwa kuchunguzwa, kwa sababu naye amekwisha kukuchunguza wewe.