Colcannon: Mukimo wa Waayalandi unaoweza kuupika kwa keja yako

Mwezi umefika kona na umebaki na hela za viazi na sukuma wiki tu? Usijihurumie. Kule Ayalandi hicho ni chakula cha sherehe. Wanakiita colcannon, na ukikiona utaapa ni mukimo.

Chemsha viazi vinne na chumvi hadi vilainike. Katakata sukuma au kabeji nyembamba, ichemshe kando, kisha ikamue maji yote, la sivyo utakula uji. Pasha nusu kikombe cha maziwa na vitunguu vya majani. Ponda viazi vikiwa moto, tia maziwa, changanya na mboga. Ukishapakua, chimba shimo katikati, weka siagi iyeyukie humo. Kila kijiko unakichovya hapo kwanza.

Usiku wa Halloween, Oktoba 31, wao huficha pete ndani: atakayeipata, harusi i karibu. Tafuna polepole!

Lakini kiazi kiliwahi kuwaliza. Ugonjwa uliposhambulia mashamba mwaka wa 1845, maskini hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Njaa iliyofuata iliua watu takriban milioni moja.

Kwa hivyo msee, ukipika, usimwage hata kijiko.